Mwanga Ataingia kwenye Fizi

Wenzangu mnaobaki na makoti meupe, mmeniomba niandike habari za miaka yangu ya kazi. Nimekubali kwa sababu tangu nistaafu sina mdomo wa kuchungulia isipokuwa wa mume wangu, naye ameshaanza kula akiwa amenigeuzia mgongo. Habari za vyeo na mishahara sitaandika. Anayezitaka aende ofisini akaombe faili langu, na akifika aangalie picha yangu ya mwanzo, nina miwani mikubwa kama ya mchomelea vyuma. Mimi nitaandika habari za fizi za watu. Nimekaa nazo muda mrefu kuliko nilivyokaa na ndugu zangu, na zilinisikiliza zaidi.

Nilianza Nizwa, huku huku Oman, katika kliniki ya meno yenye viti vitatu, kimoja kikiwa hakishuki. Mgonjwa aliyekalishwa kwenye kiti hicho alitibiwa akiwa huko huko juu, na mimi, ambaye Mungu hakuninyima kitu ila urefu, nilisimama juu ya kreti ya soda. Siku ya kwanza nililetewa mkulima wa Birkat al Mauz, mzee wa mashamba ya ndizi, mkimya, mwenye mikono mikubwa. Nikaingiza kidole nivute shavu. Akafunga mdomo. Nilipiga ukelele uliowatoa watu wa mapokezi kwenye viti vyao, na yeye akafungua mdomo polepole, akaniomba radhi kwa adabu kabisa, akasema alidhani nimemaliza. Wiki iliyofuata alileta mkungu mzima wa ndizi, akauweka juu ya meza ya vyombo vilivyochemshwa, ikabidi tuvichemshe upya.

Aliyenifundisha kazi ni Daktari Ihsan, mwanamke wa Kisudani, mrefu, mwenye sauti ya kumwamsha aliyepigwa ganzi. Hakunipa mgonjwa mwingine mwezi mzima. Alinipa trei ya mayai mabichi na chupa ya rangi ya kucha. Nipake mstari mwekundu juu ya yai, ukauke, kisha niukwangue wote kwa kureti, kile chuma chembamba chenye ncha iliyopinda tunachokipitisha chini ya ufizi, na yai lisipasuke. Yaliyopasuka nilirudi nayo nyumbani ndani ya bakuli. Tulikula mayai asubuhi na jioni, mpaka mama akaniuliza kama kweli nimeajiriwa kliniki au kwa mfuga kuku.

"Usiangalie jino," Daktari Ihsan alikuwa akinambia. "Jino atalitazama mwenyewe kwenye kioo. Wewe angalia pale asipopaona."

Na pale asipopaona ndipo kazi yetu ilipo. Jino likioza mtu hulia, hupiga simu, huja na shavu limefungwa kilemba. Ufizi ukiugua hausemi. Unaachana na jino kidogo kidogo, unafanya mfuko, ugaga, ule uchafu mgumu unaoganda kwenye meno, unashuka ndani ya mfuko, na mfupa ulioshika jino unaliwa huku mwenyewe anakunywa kahawa na kusifu meno yake kwamba hayajawahi kumuuma. Tunashusha kijiti chenye alama humo ndani tupime. Milimita mbili, tatu, ni salama. Ikifika sita, saba, jino limeshaanza kuaga. Mnajua haya yote, lakini naandika kwa sababu wengine wenu nimewaona mnapima huku mnatazama simu.

Jambo moja zaidi la vyombo, kisha niendelee. Noeni kureti zenu wenyewe. Kureti butu haikwangui ugaga, inaupiga pasi, na mgonjwa anatoka akiwa ametoa machozi bure. Niliwahi kumwachia mtu aninolee zangu, akazirudisha zimelainika kama vijiko vya sukari. Sijamsamehe hadi leo.

Baadaye nikahamia Ibra, na huko kazi yangu ikawa mbili. Nusu ya waliokaa kwenye viti vya kusubiri walikuwa wazee waliozaliwa Unguja au Pemba, wenye Kiarabu cha kutosha kwa serikalini na sokoni, lakini ugonjwa wao waliusema kwa Kiswahili. Daktari akisema neno, mgonjwa hunigeukia mimi. Nikawa nakwangua fizi na kutafsiri, wakati mwingine kwa pumzi moja. Mwanzo nilijivuna. Baada ya miaka kadhaa nilichoka, na uchovu huo ndio uliotuponza.

Miaka hii ya karibuni tukaletewa daktari kijana, Haitham, mzaliwa wa Maskati, aliyesomea fizi nje ya nchi. Mikono yake ilikuwa myepesi, na nawaambieni kweli, nimeona mikono mingi. Kiswahili alikiokota jikoni kwa bibi yake. Alijua majina ya vyakula vyote na maneno yote ya kugombezwa, lakini kwake yeye kila kitu duniani kilikuwa mtu. Kiti amevunjika. Maji amemwagika. Meno anauma. Wazee walimpenda, wakacheka, na hakuna aliyemsahihisha. Mimi nami sikumsahihisha, maana alikuwa akinichekesha na siku za kliniki ni ndefu.

Haitham ndiye aliyeomba tununuliwe mashine ya mwanga. Ilikuwa na ukubwa wa kopo la maziwa ya unga, na mkono wake ulikuwa na ncha nyembamba ya kuingia kwenye mfuko wa ufizi. Ukishakwangua mizizi ikawa safi, unatia ndani ya mfuko dawa ya rangi ya buluu, unangoja kidogo ishike vijidudu vilivyobaki, kisha unaingiza ile ncha na kuwasha taa yake nyekundu kiasi cha dakika moja kila mahali. Dawa na taa zikikutana, vijidudu hufa. Siyo badala ya kukwangua, ni nyongeza tu kwa fizi zilizozidi, na Haitham mwenyewe alikiri kwamba wataalamu bado wanabishana nyongeza hiyo ni kubwa kiasi gani. Mimi nilikuwa nimeshakwangua miaka yote hiyo bila kuwashiwa taa na mtu. Nikaiangalia ile mashine kama mke mkubwa anavyomwangalia mdogo siku ya kwanza, nikaipangusa vumbi, nikaifungia kabatini.

Ndipo akaja Bi Zuwena. Mzaliwa wa Unguja mjini, mjane, ameshapita sabini, na kila alasiri alisomesha Qur'ani wanawake na wasichana ukumbini kwake hapo hapo Ibra. Aliingia amejiziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Shikamoo Bi Zuwena. Kisukari unacho?"

"Marahaba mwanangu. Kidogo."

"Halwa unakula?"

"Kidogo."

"Na tende?"

"Tende si utamu, tende ni sunna."

Nikamfungua mdomo. Gego moja la chini lilikuwa limeshakwisha, hilo hata kupima sikulipima. Lakini yaliyonitisha ni yale mawili ya mbele, ya juu. Niliyagusa kwa mpini wa kioo yakacheza. Mfuko milimita nane, na upande wa pili nane tena. Alikuwa ameshakwenda kliniki moja mbali na Ibra wakamwambia yang'olewe awekewe ya bandia. Nikaanza kumwambia kwamba ya bandia siku hizi ni mazuri, hakuna atakayejua. Akanishika mkono wenye kijiti.

"Mwanangu, mie sitaki uzuri. Uzuri nilikuwa nao, nimeutumia, umekwisha. Nataka herufi zangu. *Tha* inatoka wapi? *Dhal* inatoka wapi? Ncha ya ulimi na ncha za meno haya mawili. Nikiyang'oa, *tha* itakuwa *sa*, na wanafunzi wangu watasoma *sa*, na watoto wao watasoma *sa*, na siku ya Kiyama nitakayeulizwa ni mie."

Nilisema labda kwa ya bandia angezoea. Akaniambia yupo mwalimu mwenzake aliyezoea, na siku hizi wanafunzi wake wanapuliza badala ya kusoma. Nimesikia watu wakiomba waachiwe meno kwa ajili ya nyama, harusi na picha ya pasi ya kusafiria. Kwa ajili ya herufi mbili tatu alikuwa wa kwanza.

Nikamkwangua kwa ziara nne, robo ya mdomo kila mara, kwa zile kureti nilizonoa mwenyewe. Ziara ya tano ilikuwa ya mwanga. Ilikuwa Jumanne. Haitham ameshavaa glavu, Bi Zuwena kashalala kitini na kitambaa shingoni, na mimi nikaitwa stoo kwa sababu zimeletwa glavu za saizi ya wabeba saruji. Ningeweza kusema subirini. Nikamwambia Haitham, "Mueleze mwenyewe, Kiswahili unakijua," nikaenda kugombana.

Waliyozungumza niliyapata baadaye kwa wote wawili, na hayakutofautiana hata neno.

"Bibi, usiogope," alisema Haitham. "Leo mwanga atakuja."

"Nani atakuja?"

"Mwanga. Ataingia kwenye fizi, atakaa dakika moja, ataua wadudu wote, halafu atatoka."

"Atatoka kweli?"

"Atatoka, wallahi. Haumi. Hutomuona, utamsikia joto tu."

"Na huyo mwanga mmemtoa wapi?"

"Ujerumani."

"Ujerumani. Na mnamuweka wapi?"

"Kabatini, bibi. Bi Maryamu anamfungia kwa ufunguo."

"Na nani anayemuendesha?"

"Mimi mwenyewe. Nimesomea." Akainua bomba la sindano lenye ile dawa. "Kwanza nakutia hii ya buluu, ili mwanga ajue pa kuingia."

Sasa kwa wenzangu mliokulia Kiarabu na hamkupata bibi wa Kizanzibari, nieleze. Mwanga wa taa ni mwanga. Na mchawi, yule mwenye kuroga watu, naye Unguja na Pemba huitwa mwanga, wakiwa wengi wanga. Neno ni hilo hilo moja, na kinachowatenganisha ni herufi ya mbele ya kitendo. Mwanga wa taa *utaingia*. Mwanga mchawi *ataingia*. Haitham kwa miaka yote ya maisha yake hakuwahi kutumia hiyo *u*.

Nilikuwa nikirudi kutoka stoo nilipopishana na Bi Zuwena ukumbini. Alikuwa anakwenda mbio kuliko nilivyodhani anaweza, Ayatul Kursi mdomoni, kitambaa chetu cha plastiki bado kinapepea shingoni. Nilimwita. Alinitazama kwa jicho ambalo sijawahi kutazamwa nalo, akazidisha mwendo.

Jumatano Ibra kuna soko la wanawake. Sihitaji kueleza zaidi. Kufika adhuhuri wagonjwa sita walikuwa wameahirisha, na mmoja alituma salamu kwamba meno yake yamepona yenyewe. Lakini walikuja pia watu ambao si wagonjwa wetu. Mama mmoja mwenye heshima zake aliinama kwenye dirisha la mapokezi akauliza, kwa sauti ya chini, kama yule wa Kijerumani anakwenda majumbani, maana ana jirani. Alhamisi akapiga simu mtu kutoka Sur, akitaka kujua kama ni lazima awe na ugonjwa wa fizi.

Nikamkalisha Haitham, nikamueleza. Hakukuwa na kiti karibu, akakaa juu ya pipa la taka.

"Kwa hiyo nimemwambia bibi..."

"Umemwambia umesomea uchawi, na mimi ndiye ninayemfungia."

"Lakini nilisema atatoka," akasema, maskini, karibu kulia.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na wote pale walicheka. Kisha nikaenda kufungua faili la Bi Zuwena, kicheko kikaniisha. Mifuko ya milimita nane, ndiyo kwanza imekwanguliwa, na mwenye nayo hatorudi. Vijidudu haviahirishi. Ningemwacha wiki chache hivi, ugaga ungeanza upya, na yale mawili ya mbele yangeondoka siku moja ndani ya kipande cha mkate. Simu zetu hakupokea. Aliyekosea neno ni Haitham, lakini aliyejua hatari ya neno lile na akenda kugombania glavu ni mimi.

Ijumaa ikapita. Jumamosi baada ya alasiri nikaenda kwake. Nilikuta darasa linaendelea, nikakaa mlangoni kwenye viatu. Wanawake kama kumi walikuwa duara, na yeye katikati anawasomea, wao wanafuata. Nilidhani nimekuja kumueleza mambo ya taa. Nikaona kwamba kila alipokaribia *tha* aliinua mkono, akayaegemeza yale meno mawili kwa kidole gumba kwa nyuma ya mtandio, akaitoa herufi, akashusha mkono. Akaendelea. Ikaja nyingine, akainua tena. Wanafunzi walikuwa wameinamisha macho kwa makusudi, wote, hata wadogo. Nilisikia uchungu na aibu kwa pamoja, na kama si viatu vya watu ningelia pale pale.

Walipomaliza nikasogea.

"Shikamoo Bi Zuwena."

"Marahaba." Akachungulia nyuma yangu. "Umekuja peke yako, au mmekuja wawili?"

"Peke yangu. Bi Zuwena, ni taa."

"Nini taa?"

"Yule wa kabatini. Ni taa ndogo, kama kalamu. Ina waya. Inachajiwa."

Akalipima neno. "Inachajiwa," akasema.

"Kila jioni."

"Mwanga hachajiwi."

"Hachajiwi, bibi."

"Na yule kijana kasema kasomea."

"Kasomea taa."

"Lahaula." Akajiziba mdomo, mabega yakaanza kutikisika, na wale wanawake walioanza kuvaa viatu wakarudi kuuliza kuna nini. Akawaambia. Nyumba nzima ikacheka, na nilifurahi, kwa sababu nilijua habari itafika sokoni Jumatano bila mimi kulipia tangazo. Alipotulia akafuta macho na kunitazama vizuri.

"Sasa nambie kweli. Hiyo taa itaniwekea haya mawili?"

Hapa, wenzangu, ndipo mtu anapotamani kusema ndiyo.

"Sijui," nikamwambia. "Kazi kubwa ni kukwangua, na wewe kusafisha asubuhi na jioni kama nilivyokuonesha, na sukari ishuke. Tende tatu, si kumi. Taa inasaidia. Nitayapigania, lakini siwezi kukuahidi."

"Ungeniahidi nisingekuja," akasema. "Kesho saa ngapi?"

Alikuja na sharti moja, kwamba Haitham asiseme neno. Haitham alifanya kazi yote kwa ishara, amemvika miwani ya kukinga macho, mimi nikitaja kila hatua kwa *u* na kwa *i* mahali panapostahili, kwa sauti kubwa, ili na yeye ajifunze. Dawa ya buluu tulijitahidi isimwagike, na kama kawaida yake ikamwagika. Alasiri ile Bi Zuwena alisomesha kwa ulimi wa buluu, na msichana mmoja akamuuliza kama amekula peni. Wiki zilizofuata tulimuwekea waya mwembamba nyuma ya yale mawili uyashike pamoja na wenzao. Lile gego la chini tukaling'oa, akalitazama kwenye kiganja, akalitia kwenye mkoba wake.

Baada ya miezi mitatu tukapima. Nilikuwa natamka namba, Haitham anaandika. Palipokuwa nane pamekuwa tano. Upande wa pili, nne. Nikapima tena kwa sababu sikujiamini. Nne. Hapakutoka damu. Nilipoyagusa yale mawili kwa mpini wa kioo, yalitikisika kidogo sana, kiasi cha kuonwa na mimi tu.

"Taa yenu ina kazi nzuri, mashallah," akasema Bi Zuwena.

Ziara nne za kukwangua, shingo yangu mpaka leo haigeuki upande wa kushoto. Nikasema mashallah.

Akaomba kiti kiinuliwe. Akaomba na kioo cha mkono, akajitazama, akakirudisha. Mimi nilikuwa nimeshavua barakoa na miwani, nimeinama mbele yake nafungua kitambaa shingoni. Akaweka mikono yake miwili chini ya mapaja, akaikalia kabisa isije ikainuka yenyewe, akavuta pumzi.

"*Tha*," akasema.

Ilitoka kamili, laini, na mate yake ambayo herufi hiyo haikosi, yote yakanirukia usoni. Akasema *dhal*. Yakanirukia tena. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyajali, akaingia moja kwa moja kwenye sura, mikono ingali chini, na hakuna herufi hata moja iliyoteleza. Miaka yote nimewafundisha kwamba mate ya mgonjwa yakikupata usoni unafuta hapo hapo, hungoji. Haitham akaninyooshea karatasi. Nikamwambia akae nayo, Bi Zuwena hajamaliza.